Shangazi Hachezi

Nickson wa maabara alinikazia macho kama mtu anayemkanya mlevi, akasema, "Mama Magdalena, kuanzia Jumamosi jioni mpaka uniletee mkojo, hukimbii, hubebi ndoo, hupandi mlima, na huchezi ngoma."

"Hata kidogo?"

"Hata kutingisha bega."

Nilicheka mpaka mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kijana wa watu, mwenye heshima zake, hakujua anachoniomba. Jumapili hiyo alikuwa anaolewa Happyness, binti wa marehemu kaka yangu Ditram, kule Chanzuru, na shangazi ni mimi. Shangazi mmoja tu, hakuna wa akiba. Na si kujisifu, lakini kutoka Chanzuru mpaka Kilosa mjini uliza nani anajua kucheza. Watakutajia mimi kwanza, halafu watafikiri kidogo kabla ya kumtaja wa pili.

Ngoja nianze na mkojo, maana bila mkojo hamtaielewa harusi.

Mimi ni mama lishe pale Mikumi, kwenye maegesho ya malori yanayopanda Iringa. Napika ugali, wali, maharage, na kuku wa kienyeji siku ambayo jogoo amekosea njia. Nina sukari, miaka mingi sasa, na kliniki naenda bila kusukumwa. Huko ndiko Nickson aliponieleza kipimo ambacho kwetu kilikuwa kigeni. "Figo ni chujio, mama," aliniambia. "Likiwa zima, protini inabaki kwenye damu. Sukari ikilichosha, protini kidogo sana inaanza kupita kwenye mkojo. Ni kidogo mno, hata kile kijiti tunachochovya siku zote hakiioni. Kipimo hiki kinaiona, miaka kabla miguu haijavimba." Ikionekana mapema kuna vidonge vya kuzilinda figo, ukazeeka nazo. Ukichelewa, hakuna wa kumbembeleza.

Ubaya wake ni kwamba kipimo hicho kinadanganyika. Ukiwa na homa, au ukiwa umetoka kukimbia, hata figo nzima huvujisha kidogo. Kwa hiyo unapimwa mara tatu, kwa miezi kadhaa, na majibu mawili yakifanana ndiyo yanayoaminiwa. Mara ya kwanza protini ilionekana. Nickson akaniuliza jana yake nilifanya kazi gani. Nikamwambia kweli tupu: nilimkimbiza utingo wa lori aliyeondoka na hotpoti yangu, na hotpoti niliipata, na utingo nilimpata vilevile. Akacheka, akaweka alama ya kuuliza. Mara ya pili mkojo ulitoka safi. Kwa hiyo ilikuwa sare, na mechi ya mwisho ilikuwa Jumatatu, asubuhi ya baada ya harusi.

Kusogeza haikuwezekana. Dawa zinazotiwa kwenye mashine ya kipimo hicho zilikuwa zinaisha muda wake Jumatatu hiyohiyo, na nyingine zingekuja lini, hata aliyeziagiza hakujua. Nikikosa siku hiyo, nitakaa na sare yangu hadi Mungu apende.

Na mimi nilikuwa siwezi kukaa na sare, kwa sababu ya Ditram. Kaka yangu alikuwa na sukari kama mimi, na alikuwa na sababu ya kila kitu. Miguu ilipovimba alisema ni mabuti. Uso ulipovimba asubuhi alisema amelalia mto vibaya. Aliposhindwa kulima hata tuta moja alisema ni jua la mwaka huu. Tulipomfikisha hospitali, mimi na mkewe Yunis, tukaambiwa figo zimekwisha. Happyness alikuwa shule ya bweni, na baba yake alikataa asiambiwe. Bado nina hasira na Ditram. Nampenda vilevile, na vyote viwili vinakaa kifuani mwangu bila kugombana.

Kwa hiyo nilinyamaza. Neno figo ndani ya nyumba ile lina kilio chake, na sikutaka kulipeleka kwenye harusi ya mtoto. Nilijiambia, mimi mtu mzima, nitashindwaje kukaa kwenye kiti mchana mmoja?

Nilishindwa kuanzia wimbo wa kwanza. Watu wametoka kanisani, turubai limefungwa, kitenge cha sare kimetapakaa uwanjani, na DJ, mtoto asiye na huruma, akaanza na ule mduara wenye ngoma ya chini chini inayokukamata kiunoni kabla hujaisikia masikioni. Vidole vya miguu vikaanza kucheza vyenyewe ndani ya viatu. Nikaukanyaga mguu wa kulia kwa wa kushoto. Wa kushoto nao ukaanza.

Kwetu bibi harusi akitoka kanisani huingizwa ndani, na hatoki mpaka shangazi acheze mlangoni. Hiyo ndiyo ruhusa ya ukoo. Shangazi asipocheza, maana yake ana neno: ama mahari imepelea, ama bwana harusi ana kasoro ambayo shangazi anaijua na wengine hawaijui. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimtuma binamu yangu acheze kwa niaba yangu. Wazee wakamrudisha kama noti iliyochanika.

"Shangazi mwenyewe yupo, amekaa, anakunywa maji," walisema. "Kwa nini tuletewe mwakilishi?"

Mlango ukabaki umefungwa. Wimbo ukaisha, ukarudiwa, ukaisha tena. Minong'ono ikaanza upande wetu, ikavuka uwanja, ikafika upande wa bwana harusi ikiwa imenenepa.

Hapo ndipo akaingia Cleopa. Huyu ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu mababu: wakifiwa tunawacheka msibani, tukifiwa wanatuchimbia kaburi huku wakitutukana. Ana tumbo la mwenyekiti ingawa hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alisimama katikati ya uwanja, akaweka mikono kiunoni.

"Jamani, mwacheni bibi kizee! Nyonga zimeota kutu. Mnataka azivunje mbele ya wageni?"

"Cleopa," nikamjibu, maana mtani hajibiwi kwa upole, "ukoo wenu mmekuja kula. Nyamaza ule."

Watu wakacheka, lakini si upande wa bwana harusi. Baba yake mdogo, Mzee Simoni, mtu mpole mwenye koti la suti linalomzidi, alikuja na wenzake wawili wakachuchumaa mbele ya kiti changu. Walinitandikia kitenge mapajani. Nikakishukuru, nikabaki nimekaa. Wakaenda wakashauriana, wakarudi na jogoo.

"Mama, kama kijana wetu amekosa, tuambie tumrekebishe," alisema Mzee Simoni. "Kama ni sisi, tuko chini ya miguu yako."

Kwa mbali nilimwona bwana harusi, Samwel, ameloa jasho mpaka kwenye tai, anajichunguza moyoni dhambi zake zote tangu utoto. Nilimwonea huruma. Kasoro pekee niliyoijua kwake ni kwamba anatia majani mengi mno kwenye chai. Na mimi nimekaa kama hakimu, jogoo ananitazama, kicheko kinanipanda na machozi yanapanda nyuma yake.

Kisha akaja Yunis, mama wa bibi harusi. Hakuchuchumaa. Aliinama sikioni kwangu.

"Wifi, kama una neno na mimi, niambie mimi. Usimwadhibu mtoto wa kaka yako."

Hilo liliniuma. Nikashika mikono ya kiti ninyanyuke. Na sitawaficha, moyo ukaniambia neno tamu sana: cheza tu, Magdalena. Kesho ikionekana mbaya, utasema ni ngoma. Nilipolisikia neno lile, nikatambua linasemwa kwa sauti ya nani. Lilikuwa neno la Ditram mtupu, na mabuti yake na mto wake. Nikarudi kwenye kiti kwa kishindo.

MC alidhani kishindo hicho ndicho mwanzo wa hotuba. Akanisogezea kipaza sauti mdomoni. "Shangazi, toa neno lako watu wasikie."

Hasira zangu hazina breki, wanaonijua wanajua.

"Sina neno na mtu! Ni mkojo!"

Spika zikaupeleka mkojo wangu mpaka ng'ambo ya reli. DJ akazima muziki wote, jambo ambalo tulikuwa tumemwomba tangu asubuhi wakati wa sala akakataa. Nikaendelea, maana mkojo ukishatoka haurudi.

"Kesho napimwa mkojo Mikumi! Kipimo hakitaki nicheze, hakitaki nitoe jasho, nikicheza kitadanganyika! Bwana harusi hana kosa, mahari imetosha, na huyu jogoo mpikeni!"

Aliyeanza kucheka ni Mzee Simoni. Alicheka akiwa bado amechuchumaa, akapoteza nguvu za magoti, akakaa chini na koti lake. Kisha upande wao wote ukaangua kicheko, cha watu walioponea, na upande wetu ukafuata. Yunis peke yake hakucheka. Alinishika bega, na sikumtazama kwa sababu tungelia.

Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa. Wazee wetu walisema wamenielewa vizuri, pole sana, ila mila ni mila. Hapo Cleopa akavua koti.

"Nyinyi wazee mmesahau mtani ana kazi gani?" alifoka. "Kaburi lenu nani anachimba? Ni mimi! Mzigo wenu nani anabeba? Ni mimi! Basi na jasho la huyu mama leo nitalitoa mimi. Watani wote, njooni hapa!"

Wakaja, wanaume wa ukoo wao, wanatukana na kukunja mashati. Kabla sijajua nini kinaendelea, kiti changu cha plastiki kiliacha ardhi. Nilipiga yowe. Cleopa alikuwa mguu wa mbele wa kulia, na kwa tumbo lile kiti kilikaa mshazari, nikashika jogoo kwa mkono mmoja na kitenge kwa mwingine.

"Usitingishike!" aliniamuru kutoka chini. "Wewe kaa kama mzigo. Tutacheza sisi!"

Na wakacheza. Mungu wangu, walicheza. DJ akarudisha mduara, watani wakashuka na kiti mpaka karibu na vumbi, wakapanda nacho, wakanizungusha, wakanipeleka kushoto na kulia, na mimi juu nimekaa wima kama picha ya pasipoti, siruhusiwi hata bega. Mwili wote ulikuwa unaomba. Nikakumbuka kwamba Nickson hakusema lolote kuhusu nyusi. Basi nikacheza kwa nyusi. Niliipandisha moja, nikaishusha, nikapandisha ya pili, nikaziachanisha, nikazikutanisha, na wanawake waliponiona wakapiga vigelegele mpaka jogoo akawika. Mzee Simoni akawauliza wazee wetu kama nyusi zinatosha. Wakatazamana. Mmoja akasema katika maisha yake hajaona nyusi zilizotoa ruhusa wazi namna ile.

Mlango ukafunguliwa. Happyness akatoka, mzuri kuliko sisi sote tuliomtangulia. Nilifurahi mpaka kifua kikauma. Alikuja akicheza mpaka chini ya kiti changu, shela limeshikwa juu, na Cleopa na wenzake wakaniteremsha usawa wa uso wake.

"Shangazi," aliniambia chinichini, bado anatabasamu kwa ajili ya wapiga picha, "ni ugonjwa wa baba?"

"Leo cheza," nikamwambia.

Akacheza. Lakini alinitazama muda mrefu kuliko bibi harusi anavyopaswa kumtazama mtu ambaye si mume wake.

Asubuhi niliujaza mkojo wa kwanza kwenye kichupa cha Nickson, nikakifunga kwa kanga yenye majimaji kisipate joto, nikakitia kwenye kikapu. Nje nikamkuta Cleopa amevaa viatu vya safari, anatembea kama mtu aliyepigwa, mgongo umekataa.

"Unakwenda wapi?"

"Mikumi. Nina hisa kwenye huo mkojo."

Alikaa pembeni yangu kwenye basi na kukilinda kikapu kuliko mimi mwenyewe. Kondakta alipotaka kukitupa kwenye buti, Cleopa alimwambia hiki ni mali ya serikali, ukikigusa utajieleza. Kondakta akaenda zake. Njia nzima Cleopa alinieleza jinsi nilivyo mzito, kijiji kwa kijiji, na mimi nilicheka, kwa sababu nikiacha kucheka nitaanza kufikiri.

Nickson alitupokea kwa shikamoo mbili, akachukua kichupa, akaingia ndani. Tulisubiri kwenye benchi. Cleopa alisinzia, akaamka, akasinzia. Mimi nilisoma bango la kunawa mikono mpaka likawa halina maana tena.

Nickson akatoka. Nilijua kwa jinsi alivyovuta kiti akakaa kwanza.

"Mama, protini imeonekana," akasema. "Si nyingi, lakini ipo. Sasa nieleze vizuri. Jana ulicheza?"

"Alicheza!" Cleopa akaruka kama amechomwa sindano. "Daktari, alicheza huyu! Vumbi lilikuwa haliruhusu watu kuonana! Tulimsihi aache, akakataa. Mwulize mtu yeyote Chanzuru."

Hakuna aliyekuwa amemtuma. Alikuwa ananidanganyia, mtani wangu, jasho linamtoka na mgongo wake umepinda, macho yamejaa maji. Sijawahi kupewa zawadi kubwa namna ile na mtu anayenitukana. Ningeitikia kwa kichwa tu, Nickson angeweka alama nyingine ya kuuliza. Dawa za mashine zinaisha siku hiyo. Ningerudi kibandani na sare yangu, nikapika wali, nikasubiri, na kila mwezi ningekuwa na la kusema. Ilikuwa karibu sana. Niliionja ulimini.

"Sikucheza," nikasema.

Nickson alimtazama Cleopa, akanitazama mimi. "Hata kidogo?"

"Nyusi tu. Nilibebwa kwenye kiti. Jasho lote alitoa huyu."

Ikabidi nimweleze, na Nickson, kijana mwenye heshima zake, aliinamisha uso mezani mabega yakamtetemeka. Alipoinuka alikuwa amefuta macho. "Nyusi hazimo, mama," akasema. "Basi ni mbili kwa moja. Figo zimeanza kuvuja. Lakini sikiliza. Damu yako bado iko sawa, miguu yako iko sawa, wewe mwenyewe usingejua. Daktari atakuanzishia vidonge leo. Tumewahi."

Niliogopa. Nasema kweli. Kisha, sijui ilitoka wapi, nikashikwa na furaha isiyo na adabu kabisa, ya mtu aliyemkuta mwizi bado yuko dirishani, hajaingia ndani. Tumewahi! Neno hilo Ditram hakuambiwa na mtu. Nilimkumbatia Nickson na koti lake jeupe, nikamkumbatia mama aliyekuja kupima malaria, nikatoka na vidonge vyangu mkononi nacheka peke yangu barabarani, na hakuna tena aliyenikataza kutingisha bega.

Cleopa alinifuata mpaka kibandani. "Nilikufungulia mlango," akasema hatimaye, kwa hasira. "Ukagoma kutoka."

"Ditram alipita mlango huohuo," nikamjibu.

Kumpigia bibi harusi simu siku ya kwanza ya fungate ni kukosa adabu. Nikapiga. Alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika.

"Happyness, figo zangu zimeanza kuvuja," nikamwambia. "Nimejua leo. Kuna dawa, nimeshapewa, na nitazinywa. Sikutaka usikie kwa mtu."

Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake mumewe anauliza kuna nini.

"Ahsante, shangazi," akasema. "Ya baba nilisikia kwa majirani."

Akaanza kulia, na mimi nikalia, palepale mbele ya malori, simu imebanwa sikioni. Madereva walikuwa wamekaa wanangoja chakula. Cleopa akatazama huku, akatazama huku, akachukua mwiko akaanza kuwapakulia.